Shemeji Anarudi Kinyumenyume

Video nzima ina milango kumi na moja. Nimeihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili nikiwa nimetulia, na hesabu haikubadilika. Miwili ni ya nyumba zilizobaki kuta tu, ukifungua unaingia kwenye mpapai. Mmoja ni wa duka la Mhindi lililofungwa kabla mwimbaji hajazaliwa. Mmoja si mlango kabisa, umechorwa kwa rangi kwenye ukuta wa saluni, na mwimbaji anaugonga kwa hisia zote. Mingine ni ya majirani. Wa kumi na moja, ambao kamera inaurudia kuliko yote, ni wa nyumba ya mdogo wangu, na mtu anayetoka humo si mwigizaji. Ni mumewe, shemeji yangu, na hapo anapotoka amebakiza saa chache za kuishi.

Mimi ni dalali. Natafutia watu vyumba Bagamoyo, nawatafutia viwanja Mapinga wale wanaotaka kulala nje ya Dar na kufanya kazi ndani yake, na miaka ya karibuni nawatafutia nyumba vijana wa kamera. Hao wanapenda mji mkongwe. Wanapenda ukuta uliobanduka chokaa na kibaraza kilicholiwa na makalio ya watu. Mwenye nyumba akiwaonyesha ukuta alioupaka rangi juzi, wanauliza kama hakuna mbovu zaidi. Nimesifia vitu vingi vibovu maishani mwangu. Hii ni kazi ya kwanza niliyopata ambayo ubovu unajisifia wenyewe.

Aliyenileta kwenye video hii ni kijana mmoja wa hao, niliyempangishia chumba Mapinga. Alinipigia simu akaanza kwa shikamoo ndefu, nikajua ana shida. Alikuwa anatafuta mlango unaofanana na mtu aliyechoka kusubiri. Nikamwambia ninao.

Wimbo wenyewe alinisikilizisha. Ni wimbo wa kucheza. Mwanamume anaondoka kwa mpenzi wake alfajiri, anatamba kwamba asifungiwe mlango kwa sababu ufunguo anao. Kila ubeti ukiisha, sauti ya msichana inamwita arudi, arudi, arudi, mara nane, kisha vinanda vinaachwa peke yao ili watu wacheze. Nilimuuliza yule kijana, mbona msichana anamwita mtu ambaye ufunguo anao? Si ataingia tu? Akanijibu, mama, huu ni wimbo tu. Nikaliacha hapo. Kilichonipeleka kwake ni mlango, maana ya wimbo haikuwa kwenye mapatano.

Nyumba ilikuwa ya kwao shemeji. Yeye alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache aliyatumia kunitania mimi. Kwetu dada wa mke na mume wa mdogo mtu wana haki ya kutaniana, na sisi haki hiyo tuliitumia mpaka ikapauka. Akiniona naingia alikuwa anashika mfuko wa shati lake kana kwamba nimekuja kuupekua. Mimi nikimwona anatoka na vyuma vyake namuuliza kama boti zote ameshaziua au imebaki moja. Kitu kimoja tu hakuwa na utani nacho. Pale ukumbini palikuwa na mkeka wa marehemu mama yake, na juu ya mkeka ule alisali, alikula, alijinyoosha mchana. Mtu akiukanyaga na viatu, awe mgeni, awe mkewe aliyebeba ndoo mbili za maji, shemeji alisema neno moja: viatu. Hakupaza sauti. Alisema na kusubiri.

Habari ya video nilimpelekea siku moja kabla. Alikuwa anapangusa grisi mikononi kwa mafuta ya taa. Nikamweleza: watu wanne, asubuhi tu, hawatavuka ukumbi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Inshallah."

Mtu yeyote aliyezaliwa pwani anajua kwamba kuna inshallah ya ndiyo, na kuna inshallah ya mtu mwenye adabu anayekataa. Ya ndiyo inakutazama. Ya kukataa inatazama kitambaa kinachopangusa mikono. Mimi nimekula kwa kujua tofauti hiyo, maana wateja wangu wote hukataa kwa inshallah, hakuna anayenitukana. Ile ya shemeji ilikuwa ya kukataa, tena ya wazi. Nikaihesabu kuwa ndiyo. Nikapitia jikoni kwa mdogo wangu, nikamwambia mumeo amekubali.

Asubuhi yake hawakuja wanne, walikuja sita. Nilihesabu viatu mara mbili nikiwa mlangoni, kumi na viwili, vyote miguuni mwao na vyote juu ya mkeka, wanapitisha waya. Kisha mimi nikarudi kichochoroni, pembeni ya kamera, nikawa ninapatana na mama wa maandazi wa nyumba inayotazamana na ile ili asizime moto wake, kwa kuwa kijana alikuwa ameupenda moshi.

Ndani, kumbe mume na mke walishakwaruzana. Mumewe alipoona waya zinaingia alimtazama mkewe. Mkewe akasema, si umekubali? Shemeji akanyamaza. Hakumaliza chai. Hayo mdogo wangu alinisimulia baadaye, kwa mpangilio uleule kila mara, kama mtu anayetafuta alipodondosha kitu.

Shemeji akatoka na mfuko wa vyuma. Kamera ilikuwa imeshawashwa, inamngoja mwimbaji abadilishe nguo. Kwenye kizingiti akasimama, akageuza shingo kidogo kuelekea ukumbini, akasema neno lake. Kisha akaja mbele, akapita kona. Alikuwa anakwenda Mlingotini, kuna mashine iliyogoma.

Kabla ya adhuhuri, akiwa ameinama juu ya ile mashine, aliomba maji. Maji yalipoletwa hakukuwa na wa kuyanywa. Alirudishwa alasiri kwa gari la kubebea samaki, akaingizwa kwa mlango uleule, vijana wa kamera wameshaondoka. Kesho yake akatoka tena, mabegani mwa watu. Kwa hiyo tangu asubuhi ile mlango ule aliupita mara tatu: kutoka, kuingia, kutoka. Video inaonyesha mara mbili. Ndiyo maana nimesema nilihesabu kwa hasira.

Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hajiulizi kwanza kama alipendwa. Anajiuliza kama aliachiwa radhi. Mume akiondoka duniani na kinyongo juu yako, huna pa kumfuata ukamwombe msamaha, unabaki nacho wewe. Siku ya pili ya matanga mdogo wangu alinivuta pembeni. Uso ulikuwa umevimba mpaka nikamwona kama mama yetu.

"Dada, wewe ulikuwa pale nje," akasema. "Mimi alininyamazia. Wewe alikwambia nini?"

Ningeweza kusema kweli, kwamba alisema viatu. Lakini mtu anakuuliza kuhusu radhi ya mumewe, utamjibu viatu?

"Alisema, mwambie sina neno naye."

Maneno manne. Yalinitoka pale pale, kama ninavyosifia kiwanja ambacho hakijawahi kuona bomba. Yakamwingia. Akalia kilio kingine, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na mimi nikajiona nimepata thawabu kwa njia ya mkato.

Miezi miwili baadaye wimbo ukatoka. Ulipigwa kwenye bajaji, ukapigwa sokoni huku wapara samaki wakiupigia mdundo kwa visu, ukapigwa kwenye harusi. Mimi niliusikia kila mahali na sikuutazama popote. Nilikuwa na simu, ila sikuwa na moyo. Mdogo wangu alikuwa eda, ndani, nguo nyeupe, bila hina wala manukato, siku zake anazihesabu mpaka zitimie miezi minne na siku kumi. Jirani mmoja mwenye furaha akamtumia video kwenye simu, akaandika: mlango wenu umetoka! Mjane hawezi kupiga muziki ndani ya eda, watu wangesema. Akaizima sauti, akaitazama. Ikawa mimi nina wimbo usio na picha, yeye ana picha zisizo na wimbo.

Aliniita. Nilivua viatu mlangoni, nikaketi naye juu ya mkeka. Akaniwekea simu mapajani.

Sitaieleza video yote. Mwimbaji anatembea, anagonga milango, wasichana watatu wanacheza kwenye kuta zisizo na paa. Ubeti wa pili ukiisha, kwenye vinanda, mlango wa kumi na moja unafunguka, shemeji anatoka na kofia yake na mfuko wake, anasimama, anageuka, mdomo unafunguka, anakuja mbele, amekwenda. Nilidhani yameisha. Mdogo wangu akasema, ngoja. Mwishoni kabisa, wasichana wameshaondolewa, kichochoro kitupu, shemeji anatokea tena pembeni mwa picha, na safari hii anakwenda nyuma. Uso wake unatutazama sisi huku miguu inampeleka mlangoni kinyumenyume, polepole, kama anavutwa kwa kamba kutoka ndani. Anafika kizingitini. Mdomo unafunguka, unafumba. Giza la ukumbi linamchukua kuanzia mgongoni, mwisho inabaki kofia nyeupe, halafu hata hiyo haipo. Mlango unajifunga.

Nikaisogeza simu karibu. Nikashika pale ninapopaweza, kwenye ushahidi. Nikamwonyesha moshi wa mama wa maandazi: unashuka kutoka hewani na kuingia kwenye moto. Nikamwonyesha kuku anayetembea akitanguliza mkia. Nikamwambia, hakurudi, wameigeuza tu, ni ileile ya kutoka.

"Najua wameigeuza, dada," akasema. "Nimeitazama siku tisa. Nakwambia karudi."

Nikamrudishia simu.

Kisha akasema alichoniitia. Alitaka nimwambie maneno ya wimbo, kwa kuwa mimi nimeusikia, ili ajue pale mdomo wa mumewe unapofunguka mwimbaji anasema nini. Basi tukafanya hivyo. Yeye alishika simu, na mimi nikayasoma maneno kwa sauti kavu, kama nasoma mkataba wa pango: hapa anasema usinifungie, hapa anasema ufunguo ninao, hapa msichana anaita, arudi, arudi. Ulikuwa wimbo uliovuliwa nguo. Sijawahi kuuelewa kama nilivyouelewa pale, umekaa kati ya mjane na dalali bila ngoma hata moja. Mwanamume anayetamba ana ufunguo haonyeshwi akirudi hata mara moja. Anayerudi ni yule ambaye hakuimba kitu.

"Na hapa?" akauliza, kidole kwenye uso wa mumewe.

"Hapo hakuna maneno. Ni vinanda tu."

"Kwa hiyo maneno hapa ni yake mwenyewe."

"Ni yake."

Akairudisha nyuma. Akaitazama. Akairudisha tena. Mdogo wangu naye anahesabu. Tulizaliwa tumbo moja.

"Neno mwambie linaanza na midomo iliyofumbwa," akasema. "Yeye hapa kaanza kwa meno juu ya mdomo. Tena kafungua mara moja, kafumba. Maneno manne yako yamepita wapi?"

Nikaanza kupatana, ndiyo kazi ninayoijua. Nikasema labda alisema kabla. Akanijibu, kabla alikuwa humu ndani na mimi, na alinyamaza. Nikasema labda baada. Akanijibu, baada ni hatua tatu na kona. Nikasema video hizi zinakatwakatwa, huwezi kuziamini. Akaniambia basi niende kwa yule kijana, nimletee ile mbichi, yenye sauti yake. Hakunituhumu. Alisema anataka kusikia tu.

Nilikwenda Mapinga kesho yake nikiomba kijana awe amefuta. Alikuwa chumbani kwake, dirisha kaliziba kwa blanketi ili aone vizuri kwenye kompyuta, mchana mweupe ukiwa nje. Hakujua kwamba yule mzee wa mlangoni alikufa. Nilipomwambia alisimama, akakaa, akaniuliza kama anitolee sehemu ile. Nikamwambia imeshatazamwa na watu wengi kuliko waliomzika, haitoki tena. Nikamuuliza kwa nini aliigeuza.

Akaniambia wimbo ulikuwa umemshinda mwishoni. Msichana anaita rudi mara nane, na kwenye picha alizopiga watu wote wanaondoka tu, hakuna anayerudi. Picha zinausuta wimbo. Akatafuta siku nzima mtu wa kurudi, akakosa. Ndipo akamwona yule mzee anavyotembea, hana haraka, hajui kama kuna kamera. "Wengine wote walikuwa wanaigiza, mama," akasema. "Nikamgeuza yeye. Wimbo ukakaa."

Video mbichi alikuwa nayo. Yeye hafuti kitu. Akaifungua na sauti. Kwanza vijana wanagombana kuhusu waya, kisha kuku, kisha mlango. Shemeji akasimama, akasema, "Viatu." Sauti yake ilijaa chumba kile chenye blanketi, na mimi niliyekuja kama dalali nikashika ukingo wa kitanda. Kamera ikaendelea. Na baada ya neno lake, karibu kabisa na kamera, ikaja sauti ya mwanamke, ya kucheka, ya mtu anayejiona mjanja:

"Nenda zako shemeji, nyumba haihami."

Nilikuwa nimeisahau. Naapa nilikuwa nimeisahau. Alipokuwa akija mbele aligeuka kunitazama ili nimtetee, kwa kuwa wale walikuwa wageni wangu na mkeka ulikuwa wa mama yake, na mimi nikamfukuza kwa utani. Neno la mwisho aliloambiwa na mtu wa nyumbani kwake lilikuwa nenda.

Kijana akaniuliza kama anitumie kwenye simu. Nikamwambia anitumie, ila aikate. Akauliza aikate wapi.

"Hapo hapo," nikasema. "Baada ya viatu."

Akanitazama kidogo. Nadhani sauti aliitambua. Akakata.

Nilirudi Bagamoyo na sekunde chache mfukoni, zimepunguzwa kwa upande wangu kama mizani ya muuza dagaa. Njiani nilijipa sababu zote. Kwamba mdogo wangu aliomba la mumewe, hakuomba langu. Kwamba aibu ya uongo wa matanga inatosha kwa siku moja.

Tuliketi palepale mkekani. Nikamwambia kwanza, kabla ya kuiwasha, kwamba yale maneno manne niliyatunga.

"Nilijua," akasema. "Yeye hakuwa mtu wa mwambie. Angekuwa na lake angerudi kulisema mwenyewe. Lakini nilikuwa na njaa nalo, nikalila."

Nikaiwasha. Akainama. Viatu, akasema mumewe. Mabega ya mdogo wangu yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kicheko cha kwanza tangu gari la samaki.

Akaniambia kitu ambacho mimi, kwa kuhesabu kwangu kote, sikukijua, kwa sababu sikuwahi kuwa mke wa mtu yule. Shemeji akinuna, hata viatu hasemi. Mwaka mmoja walikosana kuhusu safari ya Pangani, akanyamaza siku tatu, na siku zote tatu mdogo wangu aliukanyaga mkeka na ndoo zake, kandambili miguuni, makusudi, huku na huku, na mumewe akatazama ukutani. Siku ya nne akasema viatu. Wakapika pilau.

"Ameshaniachia," akasema. "Kinyongo kakiacha humu ndani kabla ya kizingiti. Hiki ndicho nilikuwa nakitafuta, dada. Si hayo yako ya kitabuni."

Tungeishia hapo ningekuwa nimepata biashara nzuri kuliko zote maishani mwangu. Lakini alitaka kuiona tena ile ya kinyumenyume, sasa kwa kuwa moyo ulikuwa mwepesi. Akaifungua, bila sauti kama kawaida. Akaniambia watu wameandika mengi chini ya video, wengi wanauliza kuhusu ule mkono.

"Mkono gani?"

Nilikuwa nimehesabu milango, watu, viatu, hata kuku. Mikono sikuhesabu. Akanionyesha pembeni, chini ya picha, pale shemeji anapoanza kwenda nyuma. Mkono wa mwanamke unaingia kutoka upande wa kamera, mpaka kwenye kiwiko, bangili mbili za shaba. Kwetu kumfukuza mtu unalaza kiganja chini na kurusha vidole kwenda kwake. Kumwita unalaza kiganja vilevile, unavuta vidole kuja kwako. Ukigeuza video, mkono unaofukuza unakuwa mkono unaoita. Unaita mara mbili, polepole, kwa upole sana, na yeye anautazama, ndipo anaanza kurudi.

Watu wameandika kwamba hapo ndipo wimbo wote ulipo. Kwamba mkono ule ndiyo sauti ya msichana. Mmoja ameandika kwamba kila akiuona hulia.

Mdogo wangu alikuwa ananitazama bangili.

"Huu ni wako," akasema. "Ulikuwa unamwambia nini?"

Hapo hapakuwa na wa kukata. Nikamwambia lote, na inshallah ya grisi nikamwambia, na mahali nilipomwambia kijana akate.

"Nenda zako, nyumba haihami," akarudia, taratibu, kama anapima kitambaa. "Ulimwambia kwa utani."

"Kwa utani."

"Basi naye kaenda kwa utani."

Akainuka. Akaniletea chai, nikainywa. Sikuweza kujua kama lile lilikuwa la kunisamehe au la kunikabidhi, na mpaka leo nikiligeuza linasomeka pande zote mbili. Radhi yake mwenyewe alikuwa ameipata. Yangu ilikuwa kwa mtu aliyeingia gizani kwa mgongo, na huko dalali hana mteja.

Siku eda ilipoisha tulikusanyika kichochoroni, wanawake wa nyumbani na majirani. Alikuwa ameoga, amevaa kanga mpya, udi unamtangulia. Mlango ukafunguka, naye akasimama kizingitini, palepale. Akageuza shingo kidogo kuelekea ukumbini. Kisha akanitazama.

Hakutoka mara moja. Miezi minne na siku kumi ni mingi, na jua lilikuwa kali. Wanawake wakaniambia, wewe ndiye dada mtu, mwite basi, atoke. Mama wa maandazi naye akaacha moto wake, akanisukuma bega, mwite.

Niliweka mikono nyuma. Nikasubiri, bila neno, mpaka aliposhuka mwenyewe. Niliihesabu huko nyuma, miwili. Nikarudia, nikivishika vidole kimoja kimoja, nikihakikisha kwamba hakuna hata kimoja kinachocheza.